Titi Lililowaka Bila Homa

Wauguzi wenzangu mliobaki na zamu, siku mliponiaga mliniomba niseme neno. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna ambaye angenisikia, nikashukuru kwa wali na kitenge, nikakaa. Neno lenyewe ni hili. Ni refu, na halifurahishi, ndiyo maana sikulisema mbele ya sahani za watu. Habari za kupanda daraja siziweki humu. Mnazijua, na hazijapata kumponya mgonjwa.

Nilianza kazi katika zahanati moja ya kijiji upande wa Mpuguso. Niliripoti nikiwa na viatu vyeupe, kama tulivyoelekezwa chuoni, na kabla ya saa sita mchana vilikuwa na rangi ya barabara. Muuguzi mkuu, Mama Subilaga, alinitazama miguuni kabla ya usoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akaenda stoo, akarudi na gambuti za mwanamume, akaziweka mbele yangu.

"Hizi ndizo sare za huku," akasema. "Hivyo vingine vaa wakija wakubwa."

Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, mizani ya watoto iliyoning'inia kwenye boriti, na kile kipimo cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ambacho bado nakiamini kuliko baadhi ya mashine zinazohitaji umeme wa Tukuyu. Umeme huko hatukuwa nao. Kitanda cha kupimia tulikisogeza dirishani, na ukungu ukishuka tulisubiri upite, mgonjwa akiwa amejifunika khanga, tukizungumza habari za migomba.

Mama Subilaga alinifundisha kukagua matiti kwa mpangilio ambao sikuukuta kwenye daftari langu la chuo. Macho kwanza, mkono baadaye. Mgonjwa akae wima, mikono kiunoni, mwanga utokee ubavuni. Tazama yote mawili kwa pamoja, maana titi halina mwenzake wa kulinganishwa naye ila lile la pili. Kisha weka mgongo wa kiganja, huku, halafu huku. "Vidole vinatafuta uvimbe," alisema, "na vikiukosa vinakwambia mambo ni salama. Vidole vina haraka."

Nilikuwa bado mgeni pale alipokuja mama mmoja mchuma chai. Jina lake naliacha, wajukuu zake wapo. Alisema titi la kushoto limekuwa zito, kama limebeba maji, na linamwasha. Mama Subilaga akamkalisha dirishani.

"Una mtoto mchanga?"

Yule mama akacheka. "Sista, mtoto wangu wa mwisho ana watoto."

"Uligonga mahali? Kapu lilikuumiza?"

"Hapana. Niliamka tu nikaona limejaa."

Titi lilikuwa limevimba karibu lote, ngozi imegeuka rangi, ina moto ukiigusa. Tulimpima homa. Hakuwa na homa. Nilitafuta uvimbe kwa vidole vyangu vya chuoni, nikaukosa, nikaanza kufikiria jipu. Mama Subilaga akasema kwa Kinyakyusa kitu ambacho mama yule alikielewa kabla yangu, kwa sababu aliacha kucheka. Akamwandikia aende hospitali kubwa Mbeya. Akaenda na kaka yake, akarudi, akaenda tena. Mvua za masika zilipokwisha tulikuwa msibani kwake.

Tukirudi, tukipita katikati ya mashamba ya chai, Mama Subilaga alisimama kupumua. "Lile halikuwa jipu," akasema. "Sijui ni nini. Lakini jipu linaleta homa, na jipu linamtafuta mwenye maziwa. Likikosa vyote viwili, usiliite jipu."

Jina la ugonjwa nililipata miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimehamishiwa kliniki ya mama na mtoto hapa Tukuyu mjini. Alikuja daktari mgeni kutufundisha, akatuonyesha picha ukutani. Picha ya tatu au ya nne nikaona titi la yule mchuma chai. Daktari akasema hii ni saratani, lakini haifanyi gololi ambayo mwanamke ataigusa akioga. Inaziba mishipa midogo ya ngozi, titi zima linavimba na kuwaka, na kwa wiki chache tu linakuwa jingine. Wengi wanadhani ni maziwa yameganda, wanapewa dawa za jipu, wanarudishwa nyumbani, na saratani inaendelea. Nilitaka kukimbia nimwambie mtu. Mama Subilaga alikuwa ameshazikwa.

Neno moja la darasani mlikumbuke. Vitabu vinasema titi linakuwa jekundu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwetu nimeliona likiwa na rangi ya zambarau, au jeusi zaidi ya mwenzake, au kama mahali palipovilia damu. Mkisubiri wekundu wa kwenye picha, mtasubiri mpaka msibani.

Sasa nimfikie Zuhura.

Zuhura na mumewe Idrisa walikuwa na duka la mchele na mafuta Bulyaga, hatua chache kutoka nilikopanga. Watoto wake wawili walizaliwa mikononi mwangu. Alikuwa mtu wa maneno. Ukienda kununua kilo moja unarudi na habari za mtaa mzima. Siku hiyo alileta mtoto wake wa pili, Sumaya, kupimwa uzito. Mtoto alikuwa bado hajafikisha mwaka, mnene, anapiga mizani mateke. Nikamsifia.

"Msifu tu," Zuhura akasema. "Siku hizi ana maringo. Titi la kulia halitaki kabisa. Naona maziwa yameganda."

Nikamwingiza ndani. Titi lilikuwa limejaa, lina moto. Alikuwa ananyonyesha, na kwa anayenyonyesha, maziwa kuganda ndilo jambo la kawaida. Daktari wetu, kijana mwangalifu, alimwona, akampa dawa za jipu, ndivyo ipasavyo. Mimi nikamwambia Zuhura, "Dawa zikiisha, rudi. Hata kama umepona, rudi nikuone."

"Nikipona nirudi kufanya nini? Kukusalimia?"

"Ndiyo. Uje unisalimie."

Alirudi dawa zilipokwisha. Hakuja na mtoto, wala hakuja na maneno. Alikaa dirishani akafungua mwenyewe. Ngozi ilikuwa imekuwa nene na yenye vishimo, kama ganda la chungwa. Alama ya sidiria ilibaki pale pale imezama, kama kidole kwenye unga. Chuchu, ambayo ilikuwa imenyonyesha watoto wawili, ilikuwa imeanza kuingia ndani. Nilipapasa kwapani nikakuta tezi. Kwenye titi lenyewe sikukuta uvimbe wowote. Kipimajoto kilisema hana homa.

"Dada Tupo," akaniambia, "mbona unaniangalia kama umeona mtu unayemjua?"

Nikamwambia kweli, kwamba nimeiona hali hii mara moja kwa macho na mara moja kwenye picha, na kwamba leo leo lazima daktari amwone tena.

"Na hawa wasichana wako?" Alimaanisha wauguzi wapya waliokuwa nje na kadi. "Wao wameiona?"

"Bado."

Zuhura alikuwa mtu wa kujistiri. Hata jua likiwaka nywele zake hakuna aliyezijua. Alifikiri, akavuta mtandio begani, kisha akasema, "Basi waite waone. Wanawake tu. Na mlango ufunge."

Wakaingia. Akaweka mikono kiunoni nilipomwambia, akageuka ubavu kwa mwanga, akawaacha wale mabinti waweke mgongo wa kiganja, huku, halafu huku. Mmoja wao alianza kulia. Zuhura akamwambia, "We, usilie, tazama. Ukilia utaona nini?"

Daktari hakubishana na mtu. Alimwandikia rufaa siku hiyo hiyo. Mbeya walimpiga ultrasaundi, hawakuona usaha, wakachukua kinyama cha titi pamoja na kipande cha ngozi kwenda kupimwa. Kisha tukasubiri majibu. Ndugu wa Idrisa walisema wampeleke kwa mtaalamu fulani Busokelo, kwamba titi limepigwa jicho kwa sababu ya duka. Idrisa alikuwa mtu mpole, hajawahi kupandisha sauti hata kwa wadaiwa, lakini alisimama mlangoni kwake akawaambia, "Anayemtaka mke wangu aende popote, aje na jina la ugonjwa kwanza." Wakamkasirikia. Wengine hawakuja dukani tena.

Majibu yalikuja kama nilivyojua. Alitakiwa kuanza dawa za dripu Dar es Salaam, halafu upasuaji, halafu mionzi. Na kwa kuwa dawa zile hupita kwenye maziwa, alitakiwa kumwachisha Sumaya.

Nilikwenda kwao jioni ile kumsaidia. Mila yetu mnaijua, mama anajipaka shubiri, mtoto anaonja uchungu, anakasirika, anaacha mwenyewe. Zuhura alikuwa na shubiri kwenye kisahani. Alikishika, akakiweka chini.

"Dada Tupo, siwezi. Ataondoka akijua mimi ni mchungu. Nisiporudi, hilo ndilo atakalolijua?"

Nikamwambia mtoto wa umri ule hakumbuki.

"Mimi nitakumbuka," akasema.

Basi dada yake Idrisa akambeba Sumaya kumpeleka kwake Kiwira. Tulimsikia mtoto analia mpaka walipokata kona. Zuhura alitoka uani, akakamua titi la kushoto, lile zima, kwenye bakuli, akaenda kumwaga kwenye shina la mgomba. Alifanya hivyo kila siku mpaka maziwa yalipokata. Sikumwona akilia. Nilitamani alie, maana ningejua la kufanya.

Alikwenda Dar na Idrisa. Duka lilifungwa. Aliporudi mara ya kwanza titi lilikuwa limepungua, ngozi imelainika, na mtandio ulimsaidia: nywele zilikuwa zimeondoka na mtaa mzima haukujua. Alikuwa anacheka tena, ingawa kwa kuchoka. Nami nilianza kufanya kitu ambacho mtu wa kazi hii hapaswi kufanya, nilianza kuhesabu mambo ya mbele. Sumaya akianza chekechea. Sumaya akianza darasa la kwanza. Walimfanyia upasuaji, wakaliondoa titi. Akarudi Dar kwa mionzi, akarudi nyumbani, akafungua duka. Watu waliokuwa wamesusa wakaja kununua mchele na kutazama.

Halafu ikaingia baridi ya Juni, ile ya ukungu usioondoka mpaka mchana. Aliniita nyuma ya duka, akafungua vifungo. Kando ya kovu kulikuwa na vipele vidogo, vya rangi ya zambarau, vimejipanga.

"Ni joto la Dar?" akauliza.

Alikuwa amerudi kutoka Dar kitambo. Alijua hilo, na alijua kwamba najua. Nikamfunga vifungo, kimoja kimoja, nikamwambia kesho tunaenda Mbeya.

Tulikwenda. Walimwanzishia dawa nyingine. Vipele vikawa bamba, bamba likavuka kwenda upande wa pili, kisha pumzi ikaanza kuwa fupi. Mwishoni nilimhudumia kwao. Nilimsafisha kidonda, nikampa dawa ya maumivu ilipopatikana, nikamwegemeza kwa mito ya kitanda cha watoto. Sumaya alikuwa amerejeshwa nyumbani na tayari alikuwa anatembea. Alikuwa akimwita shangazi yake mama. Zuhura alisikia, hakumsahihisha.

Alifariki asubuhi, watoto wakiwa wanakunywa chai. Walimzika siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi yao. Baada ya matanga Idrisa alikuja kwangu, akakataa kiti.

"Sista, nataka uniambie ukweli. Tulichelewa wapi?"

Nilikuwa nimeshajiuliza hilo kila usiku. Nikarudi tena hatua kwa hatua mbele yake: siku ya mizani, dawa za kwanza, siku aliyorudi, rufaa, kinyama, majibu, Dar. Kila mtu alifanya kazi yake. Hakuna aliyekuwa amelala.

"Hatukuchelewa, Idrisa."

Nilidhani namfariji. Uso wake ukasawijika. Alikuwa amekuja kutafuta mahali pa kuweka kosa, hata kama ni kwake mwenyewe, na mimi nilimnyima. Akasema, "Kumbe mtu anaweza kuwahi na bado," akaishia hapo. Akaondoka. Baadaye alihama na watoto.

Baada ya Zuhura niliamua kusema. Kwa vile wagonjwa wangu ni wanawake, niliwafuata walipo. Jumapili baada ya ibada niliomba wachungaji dakika chache na akina mama. Nilikwenda kwa wanawake wa msikitini hapa mjini. Nilikwenda soko la ndizi Kiwira, nikasimama katikati ya mikungu, nikashindana na magari ya mizigo. Niliwaambia: titi likivimba ghafla, likawa zito, likawaka, likabadilika rangi, ngozi ikawa kama ganda la chungwa, chuchu ikaingia ndani, usitafute uvimbe, njoo. Ukiwa unanyonyesha ukapewa dawa na hujapona zilipokwisha, rudi, usiende kununua nyingine dukani. Ukiwa hunyonyeshi, usingoje hata hizo. Na ili wasikie, nilisema kwa nguvu, jinsi nilivyokuwa nimeona: "Ugonjwa huu una mbio. Unaua haraka."

Walikuja. Wengi walikuwa na maziwa yameganda kweli, wakapona, nikawafurahia kama wamezaliwa upya. Wachache walikuwa nao ugonjwa wenyewe. Kati yao yuko mama mmoja ambaye anaishi mpaka leo na bado anauza ndizi. Sitaki mseme nilificha hilo. Wengine walipata muda. Muda nao ni kitu, nilikuwa nikijiambia, nikirudi kutoka misibani.

Wiki zangu za mwisho kazini alikuja Bibi Sekela, kutoka kijiji kimoja cha Mpuguso. Alikuwa mzee mwenye nguvu, mkulima, mjane. Alikuwa amejifunga kitenge kifuani, kimekaza. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamsogeza dirishani, nikafungua. Sitaeleza nilichokiona. Ngozi ilikuwa imeshapasuka mahali pawili. Lilikuwa jambo la miezi.

Nilisikia hasira ikinipanda, ile hasira ya uchovu ambayo wote mnaijua, ya kumtaka mgonjwa ajieleze. Nikaishusha. Nikamuuliza taratibu, "Bibi, hukuwahi kusikia habari za ugonjwa huu?"

"Nilisikia," akasema. "Si wewe ulikuja kanisani kwetu? Nilikaa benchi la mbele. Nilikusikia vizuri sana, mwanangu."

"Titi lilikuwa limeanza?"

"Lilikuwa limeanza wiki ile ile. Zito. Kama ganda la chungwa, ulivyosema. Nikajua ndilo lenyewe."

"Sasa mbona hukuja, Bibi?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Ulisema linaua haraka," akajibu. "Nikaona kwanza nipande viazi, watoto wasije kuhangaika na chakula cha matanga. Halafu nikaezeka jiko la mjukuu. Halafu nikangoja. Nimengoja mpaka nimechoka, ndiyo nimekuja nikuulize kwa nini bado."

Nikamwandikia rufaa. Nikamweleza kuhusu dawa za dripu, na za maumivu, kwamba kuna mengi ya kufanya. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akafunga kitenge chake, akakaza fundo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru. "Wewe ndiye uliyeniambia mapema. Nisingejua, ningeacha shamba tupu."

Nikamsindikiza mpaka getini. Hakwenda Mbeya. Tangu nistaafu wameniita makanisani mara mbili nikazungumze, na mara zote mbili nimesimama mbele ya wanawake nikajua la kuanzia, zile dalili. La kufuata hilo silijui.